Mwaka wa Katikati na Pembeni

Tuliokuwa msibani Issenye, kwenye boma la marehemu Makuru, ni hawa, na nawataja kama walivyokaa. Mkeka wa mbele alikaa mjane wake, Mama Sabina. Kushoto kwake Mama Akinyi, aliyefanya kazi na marehemu chumba kimoja cha upasuaji, wote wawili wakiwa watu wa dawa za usingizi na ganzi. Aliletwa kwa gari kutoka upande wa ziwa maana miguu imemkataa. Halafu Nyangi, mhudumu mwenzangu wa chumba hichohicho, niliyefua naye mashuka na kuchemsha naye vyombo. Halafu mimi, Bhoke. Nyuma yangu mjukuu wangu Ghati, ambaye ni nesi, aliyenipandisha bodaboda akanishika kiuno njia nzima kama vile mimi ndiye mtoto. Wengine walikuwa ndugu na majirani. Majina yao ninayo, lakini hawamo katika ninachoandika.

Msemaji wa familia alisoma wasifu wa marehemu. Akafika mahali pa mzee mmoja wa Mbalibali aliyekuwa anakufa kwa ngiri iliyojibana, mzee ambaye mgongo wake ulikataa sindano, akasema Makuru ndiye aliyeipitisha kwa mkono wake. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikamwangalia Mama Akinyi. Alikuwa ameinama anatengeneza pindo la kitenge chake, na nilipotaka kunyanyuka kusema, alinikandamiza goti kwa kiganja, nikakaa. Njiani Ghati akaniuliza mlikuwa mnagusana nini na yule bibi. Nikamweleza. Akasema, Bibi, hilo liandike. Nimesoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo mtavumilia mwandiko. Msemaji hakumwongezea marehemu sifa. Alimpunguzia, kwa sababu alichokifanya Makuru siku ile kilikuwa kikubwa kuliko kuchoma sindano.

Sitaanza na kwetu Gorong'a wala na wazazi wangu. Naanza na chumba. Ulikuwa mwaka ambao sukari ilipimwa kwa kikombe na sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, sijapata mtoto bado, na nikaajiriwa uhudumu katika hospitali ndogo ya misheni huko Serengeti. Chumba cha upasuaji kilikuwa na kuta zilizopakwa rangi ya kijani nusu, juu chokaa. Ukutani kulikuwa na mlango unaotokea chumba cha kunawia, na katika chumba hicho cha kunawia ndimo lilimokaa jiko la mafuta ya taa, na juu yake sufuria kubwa la kuchemshia vyombo. Harufu ya mafuta ya taa na spiriti ilishika mpaka kwenye ugali wetu. Sindano za mgongo hazikuwa za kutupa kama hizi za Ghati. Zilikuwa ndefu, zinarudiwa, na kila baada ya kazi Makuru alikaa dirishani akizinoa kwenye jiwe laini, kisha anazivuta polepole ndani ya pamba. Pamba ikinasa hata unyuzi mmoja, anarudi jiweni. Nilipenda kumtazama. Alikuwa mtu mrefu, Mnata kwa kabila, mwenye vidole vyembamba, na wagonjwa walimwita Mzee wa Usingizi ingawa hakuwa mzee.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika. Ganzi ya mgongoni inataka mgonjwa akunje mgongo ili mifupa ifunguke, sindano ipate nafasi, na asitikisike. Kwa hiyo anakaa ukingoni mwa meza, mimi nasimama mbele yake, namkumbatia, kichwa chake begani kwangu, namvuta aje kwangu. Nimekumbatia watu wengi mwaka ule. Wengi hawakuelewa Kiswahili cha kusema jikunje, walijua Kikurya tu, na ukimwambia mtu inama anainamisha kichwa peke yake, mgongo unabaki umenyooka kama mlango. Kwa hiyo wanawake niliwaambia, kaa kama unapuliza moto kwenye mafiga na kuni ni mbichi. Hapo hapo mgongo unajikunja. Wanaume hawajui mafiga, wao niliwaambia, inama kama mrija umekuwa mfupi na pombe imebaki chini ya chungu. Makuru alicheka mpaka akaweka sindano chini, ila kesho yake nilimsikia naye anasema hivyohivyo kwa Kinata chake.

Sasa hao wawili. Makuru alifundishwa kupita katikati. Anaweka viganja juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vinakutana uti wa mgongo, anahesabu kwa kubonyeza, na kati ya mfupa na mfupa anaingiza sindano imenyooka. Alisema unasikia inapita kama kwenye ngozi ya ng'ombe iliyolowa, halafu inaachia ghafla, na ukitoa waya wa ndani yanadondoka maji meupe, tone kwa tone, safi kuliko ya kisimani. Hapo ndipo dawa inapoingia, na mtu anakufa ganzi kuanzia kitovuni kwenda chini huku anaongea na wewe. Mama Akinyi naye alifundishwa mahali pengine, na yeye hupita pembeni. Anatafuta katikati palepale, kisha anasogea upana wa kidole gumba kando na chini kidogo, anaingia kwenye nyama, sindano imelala, inaelekea katikati na juu. Alisema pale katikati pana kamba zinazoshika mfupa na mfupa, na kwa watu wazima kamba hizo zimekauka zimekuwa mfupa wenyewe, ya nini kupigana nazo.

Mabishano yao yalikuwa chakula chetu, maana chakula chenyewe kilikuwa kidogo. Saa ya chai tulikaa wote chumba cha kunawia, chai bila sukari na viazi vitamu vya kuchemsha, siku nzuri Mama Akinyi analeta samaki mkavu kutoka kwao. Makuru alikuwa akisema katikati ndipo lango la zizi lilipo, na anayeingia zizini kwa kupitia pembeni kila mtu anajua amefuata nini. Mama Akinyi anamjibu kwamba lango likiwa limezibwa na miba hata mwenye ng'ombe hupita kando, na kama hasadiki amuulize Bhoke, maana Wakurya ndio wenye elimu ya kuingia mazizi ya watu. Nami nikasema, sisi tunaingia, ila Wanata ndio wanaotuelekeza njia. Nyangi alipaliwa na kiazi. Daktari Stephano, aliyekuwa mpasuaji wetu, mtu wa maneno machache, alikuwa akinywa chai amesimama. Siku moja akasema watakuja vijana wawili wa kujifunza ganzi mwaka ukiisha, na hataki wafundishwe mambo mawili wakachanganyikiwa. Akawapangia wapokezane, mmoja juma hili, mwingine juma lijalo, kila mmoja kwa njia yake, halafu mwisho wa mwaka wakae waseme ni ipi ibaki.

Basi mwaka wote mimi nilikuwa nimesimama mbele ya migongo hiyo. Sikuona sindano, nilikuwa upande wa uso. Lakini ukimshika mtu namna ile unajua. Sindano ikigusa mfupa mwili mzima unajikaza mikononi mwako, na ikipita unasikia pumzi inatoka. Juma la Makuru aliletwa Robhi, binti wa kwetu Gorong'a aliyeolewa Serengeti, mtoto amelala vibaya tumboni, uchungu umemshika tangu jana yake. Alikuwa anamtukana mumewe, mama mkwe na ng'ombe waliomtolea mahari. Nikamwambia puliza moto, Robhi, akajikunja huku anatukana, na kabla hajamaliza kumtaja ng'ombe mweupe, Makuru alikuwa ameshatoa waya na maji yanadondoka. Sikusikia hata mwili kushtuka. Mama Akinyi alikuwa mlangoni na taulo za mtoto. Alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba yeye asingeipata haraka hivyo. Makuru akafanya kama hakusikia, ila masikio yake yalisogea.

Kwa vijana na wajawazito wenye mgongo laini, katikati ilikuwa inashinda, hilo nilishuhudia. Inaeleweka, ni rahisi kuikumbuka, na mkono unajua uko wapi. Kwa wazee ikawa vingine. Bibi mmoja aliyevunjika paja, Wankuru, alichomwa na Makuru mpaka jasho likamtoka yeye mchomaji, mfupa juu ya mfupa, na juma lililofuata mzee wa aina hiyohiyo Mama Akinyi alimaliza kabla sijamkumbatia vizuri. Nilichokipenda ni kwamba hawakufichana. Mama Akinyi alikuwa anakuja mwenyewe kuuliza, Makuru, ulipoanza kusikia mfupa ulikuwa umeingia kiasi gani, naye anamwonyesha kwa ukucha kwenye sindano. Na juma la Mama Akinyi utamkuta Makuru nyuma yake anatafuta pamba ambayo haikupotea. Nyangi alisema wale wawili wakioana watachomana mpaka usiku wa harusi. Sisi tulikuwa wasichana, tulicheka. Leo nikifikiri naona nilikuwa natazama kitu ambacho sijakiona tena mara nyingi, watu wawili wanaoshindana bila mmoja kutaka mwenzake aanguke.

Nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mchana, juma la Makuru. Mkokoteni wa ng'ombe ukaingia uwanjani kutoka Mbalibali, na juu yake, kwenye godoro la nyasi, amelala baba mkwe wangu. Jina lake silitaji. Nayakumbuka majina yote, hata ya ng'ombe wawili waliomvuta siku ile, lakini la kwake sikulitamka akiwa hai na sitalianza sasa. Nitamwita Tata, baba, kama nilivyomwita. Ngiri yake ya miaka mingi ilikuwa imeshuka na kujibana tangu alfajiri, tumbo limevimba, anatapika. Daktari Stephano alimgusa mara moja akasema apelekwe ndani sasa hivi, utumbo ukioza hatufiki kesho. Dawa ya kunusa ya kumlaza usingizi haikuwapo, na hata ingekuwapo, kifua chake cha tumbaku kisingeivumilia. Ilibaki mgongo.

Nyangi alikuwa amekwenda kwao kwenye arusi, na mwenye kushika nilikuwa mimi peke yangu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hatupeani mkono, hatukai kiti kimoja, nikimwona njiani naacha njia. Kumkumbatia akiwa nusu uchi, kichwa chake begani kwangu, ni jambo ambalo nyumba nzima ingekaa nalo miaka. Mume wangu Marwa alikuwepo, ndiye aliyeswaga mkokoteni, lakini mtoto wa kiume aliyetahiriwa naye hauoni uchi wa baba yake. Makuru hakuyajua hayo. Kwao Issenye wana yao. Aliniita, Bhoke, njoo umshike mgonjwa, na mimi nikasimama chumba cha kunawia nimegeukia sufuria. Akaita tena. Mama Akinyi akaja akanitazama usoni.

"Nyathina, mwanangu, ni nani yule?"

"Ni baba wa mume wangu."

Kwao Wajaluo heshima ya mkwe ipo pia, hakuhitaji maelezo. Alirudi ndani akamnong'oneza Makuru. Halafu nikasikia Tata mwenyewe, sauti imepungua, anasema kwa Kikurya kwamba kama ni lazima yule mke wa Marwa amshike, wamrudishe kwenye mkokoteni akafie kwake. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayepanga safari. Marwa alikuwa nje ya dirisha, na alisikia. Aliniambia baadaye kwamba pale alishaanza kwenda kufunga ng'ombe.

Wakajaribu bila mshikaji. Kukaa alishindwa, wakamlaza ubavu wa kulia, upande wa ngiri, Mama Akinyi akamvuta magoti. Hayakuja. Tumbo lilikataa, na mgongo wenyewe ulikuwa wa mtu aliyelima na kubeba maisha yake yote, umekauka. Makuru akaingia katikati. Nilijua kwa masikio. Sindano haina sauti, lakini mtu ana sauti, na Tata alikuwa mtu asiyelia, anatoa pumzi puani kama fahali. Mfupa. Akatoa, akabonyeza mahali pengine, akaingia. Mfupa. Daktari Stephano alikuwa ameshanawa, ameinua mikono yake yenye maji, anasubiri, na akauliza tu kama kuna njia. Juma lilikuwa la Makuru. Kama angesema hakuna, hakuna mtu angemlaumu, na mwisho wa mwaka angekaa kwenye kikao akiwa na njia yake. Vijana wa kufundishwa walikuwa karibu kuja. Alikuwa na sababu zote za kujaribu tena palepale mpaka mzee amalizike.

Nikasikia anaweka sindano kwenye sahani ya chuma.

"Mama Akinyi," alisema, "pita pembeni. Mimi nitashika."

Hilo ndilo ambalo wasifu haukusema. Yule mtu ambaye wagonjwa walimwita Mzee wa Usingizi, mbele ya daktari wake, katika juma lake, alizunguka meza akaenda upande wa uso, mahali pangu mimi mhudumu, akapiga goti sakafuni ili uso wake ulingane na wa Tata, akamshika mabega. Halafu akaona shida nyingine. Kinata na Kikurya vinaelewana kwa salamu na kwa ng'ombe, kwa jambo zito vinapishana, na Tata Kiswahili hakikumkaa. Makuru akaamuru shuka lifungwe mlangoni, kamba toka msumari hadi msumari. Akaniita nisimame upande wa huku, nisione kitu, niwe mdomo tu.

Nikasimama nyuma ya shuka, nimegeukia jiko la mafuta ya taa. Mikono nimeifunga nyuma. Mama Akinyi akasema sasa naingia, kando, mwambie asijikunje, alale tu anavyoweza. Nikasema kwa Kikurya, Tata, usiiname, lala kama ulivyo, inaingia ubavuni mwa uti, utasikia kitu kinasukuma. Hakunijibu. Hakuwahi kunijibu moja kwa moja tangu niolewe, alikuwa akimwambia mama mkwe naye ananiambia. Mama Akinyi akasema, kama akisikia mshtuko kama wa umeme mguuni aseme ni mguu gani, ndivyo nitakavyojua nimeegemea wapi. Umeme Tata hakuwa anaujua, kwao Mbalibali haukuwapo. Nikafikiri. Nikamwambia, Tata, ikikupata kama unapogonga kiwiko kwenye nguzo ya zizi, ikikimbia mguuni, sema mguu upi.

Mafuta ya taa yanavuma. Kisha, kutoka upande wa pili wa shuka, Tata akasema neno moja.

"Kushoto."

Alilisema kwa Kikurya, na alinijibu mimi. Nikalivusha, kushoto, Mama Akinyi. Nikamsikia anavuta pumzi, anasema anairudisha sindano kidogo, anaielekeza kulia. Halafu Makuru, ambaye kutoka pale alipopiga goti hakuweza kuona mgongo, akauliza kama mtoto, yanatoka? Mama Akinyi akasema yanatoka. Makuru akasema asante, na sijui alimwambia nani.

Upasuaji ulikwenda. Utumbo ulikuwa umebadilika rangi lakini ukarudi kuwa mwekundu walipoufungua, Daktari Stephano alisema tumewahi kidogo sana. Jioni Marwa alikula ugali wa mtama jikoni kwetu na dagaa wa Mama Akinyi, alikula kama aliyetoka kufunga, na Makuru akaja akakaa naye sahani moja. Marwa akamshukuru kwa kuokoa baba yake. Makuru akaelekeza kwa tonge upande aliokaa Mama Akinyi. Mwisho wa mwaka, kwenye kile kikao, Makuru ndiye aliyesema kwanza. Alisema vijana waanze na katikati kwa sababu ni rahisi kuijua, na wasipewe ruhusa ya kufanya kazi peke yao mpaka wajue pembeni, na pembeni afundishe mwenye nayo. Daktari Stephano alikubali. Nilikuwa napanga vikombe, ndiyo maana najua.

Tata alikaa wodini mpaka nyuzi zikatolewa. Nyangi aliyekuwa amerudi ndiye aliyemhudumia, mimi nilipita mlango wa nyuma. Siku ya kuondoka alisimama uwanjani na fimbo yake, mkokoteni umegeuzwa tayari, na mimi nilikuwa kwenye kamba naanika mashuka, nimempa kisogo kama inavyotakiwa. Nyangi alikuwa amemshika mkono. Tata akasema, bila kugeuka kwangu, kama anayesema na ng'ombe, kwamba yule aliyekuwa nyuma ya shuka, sauti yake ilimfikia kabla ya dawa, na kwamba mtoto wake wa kwanza akiwa wa kike aitwe jina la mama yake mzee, yaani mama yake Tata. Ng'ombe wakavutwa. Niliendelea kuanika shuka lilelile ambalo lilikuwa limeshaanikwa.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kike, na aliitwa hivyo, Nyamburi, ndiye mama yake Ghati. Lakini maneno yale niliyasikia kwa kisogo, upepo unapiga mashuka, na aliyekuwa karibu naye ni Nyangi. Msibani Nyangi aliniambia ya jina anayakumbuka, ya sauti hana hakika. Mimi ninayo na nimeishi nayo. Kama wewe Nyangi ukisomewa haya utakumbuka alisema vingine, au kama yupo mtu wa Mbalibali aliyekuwa kwenye mkokoteni ule akasikia, basi niambieni nirekebishe. Ya sindano nirekebisheni wakati wowote. Hilo la sauti, mje mniambie polepole, mkiwa mmekaa.